Kinachotuama Chini ya Kabureta

Lita moja ya petroli, ili iungue sawasawa ndani ya injini, hutaka hewa ya kiasi cha lita 9,000. Kwa uzito ndio ule uwiano unaofundishwa vyuoni: kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kwenye pikipiki ya bodaboda anayepima uwiano huo usiku na mchana, kwenye lami na kwenye tope, ni kidude cha aloi kinachoenea kiganjani. Hakina umeme wala kompyuta, na baadhi ya matundu yake hayapitishi hata sindano ya kushonea.

Ukiifungua kabureta na kuitandaza kwenye sinia, vyuma vyake havishangazi. Kuna mwili wenye koo katikati, bakuli la chini, boya, sindano mbili, springi, skrubu chache na jeti mbili za shaba, kubwa na ndogo. Kinachofanya kazi ni uwazi uliomo ndani ya vyuma hivyo. Pistoni inaposhuka huvuta hewa, hewa hulazimika kupita kwenye koo jembamba, na ikipita pembamba huongeza kasi. Ikiongeza kasi, msukumo wake hupungua. Daniel Bernoulli alieleza uhusiano huo wa kasi na msukumo katika kitabu chake cha mwaka 1738, na Mtaliano Giovanni Battista Venturi akauchunguza mwishoni mwa karne hiyo kwa maji yanayopita katika mabomba yaliyobanwa. Pikipiki haikuwapo hata kwa ndoto. Lakini hapo kooni, msukumo unapopungua, hewa ya kawaida inayolalia petroli ya bakulini hupata nguvu ya kuisukuma ipande jetini na kutawanyika. Watu husema injini inanyonya mafuta. Ukweli ni kwamba anga lote juu yetu ndilo linaloyasukuma, na mimi jambo hilo sijawahi kulizoea.

Boya nalo lina kazi ileile ya boya la tangi la maji la chooni: mafuta yakipanda linapanda nayo na kuifunga sindano, mafuta yakishuka linaifungua. Kimo hicho cha petroli ndani ya bakuli ndicho msingi wa hesabu nyingine zote. Kikizidi milimita kadhaa, pikipiki inalewa mafuta. Kikipungua, inakauka ukivuta resi ndefu.

Sasa kitu chenye matundu membamba hivyo, kikiwekwa mwisho wa njia ya mafuta, lazima kipokee taka za wote waliotangulia. Hili ndilo ninalotaka kulisema kuhusu kabureta, kwa sababu nimeona inavyosingiziwa. Pikipiki ikigoma kuwaka asubuhi, ikizimazima kwenye foleni, ikimisi mlimani, kauli ya kwanza kijiweni ni moja: kabureta imekufa. Kufa kwenyewe ni nadra. Kabureta mara nyingi ni nzima, ila imelishwa vibaya.

Ushahidi uko bakulini. Kazi ya kulifungua bakuli mimi huifanya barazani asubuhi, jua halijawa kali, mbali na uani kwenye jiko la mkaa, na hakuna anayevuta sigara karibu. Mvuke wa petroli hutambaa chini kwa chini, ni mzito kuliko hewa, na unaweza kuufikia moto usiouona. Koki ikifungwa na mpira wa mafuta ukichomolewa, kabureta hutolewa ikiwa wima vilevile, isitikiswe, bakuli likafunguliwa juu ya chombo cheupe cha plastiki. Wengi humwaga petroli ile mchangani. Ni petroli ya kujaza vifuniko kadhaa vya chupa tu, inaonekana haina thamani, kumbe ndiyo peke yake inayoweza kueleza kilichotokea. Iache itulie.

Maji huonekana kwanza. Hayachanganyiki na petroli, nayo ni mazito zaidi, kwa hiyo yanakaa chini kama matone mviringo yanayokimbizana ukiinamisha chombo. Pengine ni mvua iliyoingia kwenye mfuniko wa tangi ambao mpira wake umechanika. Pengine ni mpira wa maji wa kijana anayeosha pikipiki kando ya barabara, aliyeuelekeza moja kwa moja kwenye mfuniko huo. Pengine yalinunuliwa pamoja na mafuta. Yakikaa muda mrefu bakulini yanaila aloi, na sakafu ya bakuli inaota ukurutu mweupe unaong'ang'ania hata ukisuguliwa kwa mswaki.

Vumbi jekundu laini, ambalo ukilisugua kati ya vidole linaacha doa la kahawia, ni kutu ya tangi. Tangi lisilojazwa hubaki na hewa yenye unyevu, na hapa kwetu Tanga unyevu haupungui. Bodaboda anayeweka mafuta ya buku mbili kila safari anaendesha na tangi tupu mwaka mzima. Simlaumu, anaweka anachopata. Ila kutu ile inateremka, na wavu mdogo wa kwenye koki ukitoboka hakuna kinachoizuia.

Mchanga ni habari nyingine. Huo haupiti tangini mara nyingi, hupita kwenye hewa. Mtu anaambiwa chujio la hewa linabana pumzi ya injini, analitoa, pikipiki inapiga kelele ya kiume, naye anafurahi. Koo la kabureta yake limejaa vumbi lililogandana na mafuta, na lililopita hapo limeenda kusaga silinda.

Halafu kuna kile kisichoonekana kwa macho. Tone la petroli safi kwenye karatasi nyeupe hukauka upesi na halibakizi kitu. Tone lenye mafuta ya taa huchelewa, na huacha doa la kimafuta ambalo ukiinua karatasi kwenye mwanga unaliona. Mafuta ya taa hayapandi mvuke kirahisi, hivyo injini ya baridi inagoma, plagi inavaa masizi, na mlimani injini inagonga. Udanganyifu huu wa kuchanganya mafuta ya taa kwenye petroli ulikuwa biashara kamili. Tanzania ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiwe rahisi kuliko petroli na dizeli. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Anayewasha koroboi akalipia dhambi ya mwenye lori. Sina hakika kama kuna sera nyingine iliyomfikia maskini haraka kiasi hicho.

Na mwisho kuna gundi. Petroli ikilala wiki nyingi bakulini, sehemu zake nyepesi hupaa na zile nzito hushikana na hewa, zikageuka utando wa rangi ya asali iliyoungua. Utando huo ndio unaoziba jeti ndogo, inayolisha injini ikiwa kwenye sailensi. Ndiyo maana pikipiki iliyosimama msimu mzima huwaka kwa choki tu, na ukiirudisha choki inazima.

Kuosha kwenyewe hakuna miujiza, kunataka utaratibu. Vitu hupangwa kwenye sinia kwa mfuatano uleule vilivyotoka. Kabla ya kuitoa skrubu ya hewa, izungushe kwanza kuelekea ndani, polepole, ukihesabu mizunguko mpaka iguse, kisha andika namba hiyo mahali. Nyingi hukaa kati ya mzunguko mmoja na nusu na miwili na nusu, na ile namba yako ndiyo njia ya kurudi nyumbani. Ikigusa usiikaze, ncha yake ni nyembamba na ikipinda hakuna tena sailensi ya kueleweka. Vitu vya mpira na boya huwekwa pembeni visiloweshwe kwenye dawa kali. Boya litikise sikioni. Ukisikia petroli ikicheza ndani limetoboka, nalo halitapanda tena hadi kimo chake. Sindano ya boya iangalie ncha: ikiwa na mfereji mwembamba wa duara, imekwisha, na huo ndio mfereji unaofanya petroli idondoke usiku kucha kwenye sakafu.

Jeti hazisuguliwi. Hulowekwa, hupulizwa kwa pampu ya baiskeli au kompresa ya jirani mwenye gereji, na mtu hufunga macho au huvaa miwani kwa sababu dawa ile hurudi usoni kwa tundu usilolitarajia. Kisha huinuliwa kuelekea mbinguni. Jeti kubwa inaonyesha kiduara kamili cha mwanga. Jeti ndogo inaonyesha nukta, na lazima ukae kimya kidogo jicho lizoee, uone kama nukta hiyo ni ya mviringo au imekatwa upande mmoja na gundi. Ikikatwa, irudishe kwenye dawa. Ikishindikana, chukua unywele mmoja wa waya wa umeme, ule wa shaba nyekundu, ambao ni laini, upitishe mara moja bila kusokota. Mpira wa mafuta usiunyonye kwa mdomo kamwe, hata kama umewaona wazee wote wakifanya hivyo. Petroli ikiteleza kuelekea mapafuni ni hospitali.

Kijana wa bodaboda anayekaa mtaani kwetu alinikuta siku moja na sinia langu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za kijiweni?"

"Salama tu. Na mimi yangu ilikuwa hivyohivyo, fundi akaichokonoa kwa waya wa breki ikawaka palepale. Ila sasa inakula mafuta, mzee, inakula kweli."

Waya wa breki ni chuma cha pua. Shaba ya jeti mbele yake ni siagi. Kuna viwanda ambako namba iliyogongwa kwenye jeti ni takriban kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo jeti ndogo yenye namba 38 ina tundu la milimita 0.38. Waya ukikwangua mpaka likawa 0.42, jicho halioni tofauti yoyote. Lakini eneo la tundu hukua kwa mraba wa kipenyo, na hesabu yake inatoa nyongeza ya asilimia 22. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya fundi mzuri na mbaya, kwa maoni yangu, imo kwenye hiyo milimita isiyofika hata nusu ya sehemu ya kumi. Nilimwonyesha kijana hesabu hiyo kwa kijiti mchangani. Akanyamaza, kisha akauliza swali la haki: "Sasa fundi angefanyaje, na mimi nilikuwa na abiria anasubiri?"

Uchokonoaji una historia yenye heshima, tuseme ukweli. Agosti 1888 Bertha Benz alichukua gari la mumewe bila kumuaga, akiwa na wanawe wawili, akaliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim nchini Ujerumani, zaidi ya kilomita 100. Njiani bomba la mafuta likaziba, naye akalizibua kwa pini ya kofia yake. Mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa. Lakini alilozibua yeye lilikuwa bomba, ambalo kazi yake ni kupitisha tu. Jeti kazi yake ni kuzuia. Kabureta ya kunyunyiza petroli kwa namna tunayoitambua leo ilikuja miaka michache baadaye; Donát Bánki na János Csonka waliiombea hataza Hungaria mwaka 1893, na Mjerumani Wilhelm Maybach alikuwa kwenye njia hiyohiyo miaka hiyohiyo.

Kuna wakati kabureta ni safi kabisa na bado inalalamika. Chukua pikipiki iliyotegeshwa Tanga mjini, mita chache juu ya bahari, ipandishe kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, karibu mita 1,400. Hewa ya huko ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kutoa petroli karibu ileile kwa hewa iliyopungua. Ekzosi inatoa moshi mweusi, plagi inakuwa na masizi, nguvu inapotea. Fundi wa Lushoto anayeijua kazi yake hafungui jeti. Anatoa ile sindano ndefu inayopanda na kushuka na resi, anahamisha kiklipu chake kwenye mfereji wa juu zaidi ili sindano ikae chini kidogo na kubana mafuta, anarudishia. Dakika chache. Mwenye pikipiki akirudi pwani bila kuambiwa, injini itakuwa na njaa na itachemka, naye atamlaani mtu aliyemsaidia. Fundi angempa karatasi yenye maneno mawili. Mafundi wetu hawaandiki, na sisi hatuulizi.

Honda ilipotoa CG125 mwaka 1976 iliilenga kwa nchi zinazoendelea, ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na kucheleweshewa oili. Injini ikaundwa kwa fito za kusukuma valvu, bila mnyororo wa juu wa kukatika, na ubunifu huo ukanakiliwa na viwanda vingi vya China hadi ukawa sura ya pikipiki za kazi katika vijiji vyetu. Wahandisi waliweza kuitengeneza injini ivumilie mmiliki mzembe. Kabureta hawakuweza kuifanya ivumilie petroli chafu, kwa kuwa tundu la kupimia haliwezi kuwa na subira: likiwa pana si kipimo tena.

Zama zake zinaisha, hilo linajulikana. India, zinakotoka pikipiki nyingi tunazopanda, ilikaza masharti ya moshi Aprili 2020, na watengenezaji wengi wakahamia mifumo ya kupuliza mafuta kwa kompyuta kwa soko la nyumbani, huku zetu nyingi zikiendelea kuja na kabureta. Kigali na Nairobi zina bodaboda za umeme zisizojua petroli ni nini. Sitazililia zile za zamani. Moshi wake nimeuvuta vya kutosha. Ninachokijutia ni kimoja: mfumo wa kompyuta ukichafuka, taa inawaka kwenye dashibodi na mwenye chombo anabaki mgeni wa chombo chake. Kabureta ilimruhusu mtu aliyeishia darasa la saba kuuona mfumo mzima kwa macho yake, tundu kwa tundu, na kubishana nao.

Kurudishia ni kinyume cha kufungua, isipokuwa kwa mambo mawili. Ripea kiti zinazouzwa madukani huja na jeti mpya. Mimi hutumia oringi, gasketi na sindano ya boya, na jeti za kiwandani naziosha na kuzirudisha, maana namba iliyogongwa kwenye jeti ya bei rahisi na tundu lake si lazima ziwe zinafahamiana. La pili ni kulisafisha tangi na kuweka chujio jipya kwenye mpira wa mafuta kabla ya koki kufunguliwa. Asiyefanya hivyo ameosha kikombe ili akijaze tena uchafu uleule, na ndiyo sababu wateja hurudi gereji baada ya muda mfupi wakisema fundi ni mwizi.

Hapo nalirudia swali la yule kijana, kwa sababu lilikuwa zito kuliko hesabu yangu. Fundi wa kijiweni anajua kuosha. Nimewaona wanaojua kuliko mimi. Lakini kuosha kabureta vizuri kunakula saa nzima au zaidi, na saa hiyo haina kifaa cha kumwonyesha mteja. Akibadilisha plagi, mteja anaishika plagi ya zamani mkononi na kulipa. Akitanua jeti, pikipiki inanguruma palepale na mteja analipa akicheka. Akisema, "Hakuna kilichoharibika, nimeosha tu, na tangi lako lina kutu," mteja anampa hela ya soda tu. Kwa bei hiyo waya wa breki utaendelea kutumika, na bodaboda zitaendelea kuchoma nauli kupitia tundu lililokwanguliwa.

Basi ukikutana na fundi aliyeifungua kabureta yako, akakuonyesha maji na kutu vilivyotoka, akairudishia na jeti zake zilezile, usimpunje. Mlipe kama ungemlipa aliyekuuzia kabureta mpya nusu bei, na umwambie ni malipo ya kuosha.